Kodi ya Kutolala

Mashine ilikaa ubavuni mwa kitanda cha mama,
Ngamiani, Barabara ya Kumi na Nne, ikivuma.
Niliinunua mnadani, siku ofisi ya mkonge ilipouza hadi meza zake,
nikaifunga kwa mpira nyuma ya baiskeli
na kuikokota kwa mguu kutoka Pongwe, kama mgonjwa.
Ukiifungua, ndani singa tupu, nyeupe, haziishi.

Humo niliweka orodha:
nani ana damu ya kundi gani, yuko mtaa gani,
simu ipi huipokea usiku.
Watu mia tatu na kumi na wawili,
kuanzia Mhina wa gereji hadi mashemeji zangu wa Chumbageni.
Nesi abonyeze kundi, majina yashuke.

Mama aliikubali kwa sharti lake.
Aliifunika kanga iliyochuja,
juu akaweka bakuli la unga wa maandazi:
joto lile, alisema, hamira hailipati popote.
Umeme ukikatika unga ulilala,
na orodha ikalala nao.
Sisimizi walitaga kwenye feni.
Masika yakaingia kwa mlangoni kama mwenye nyumba,
nikatoka na mashine kifuani, maji magotini,
nikilaani kila waya kwa jina lake.

Ndipo nikahama.
Sikubeba sanduku wala kinu.
Nilisukuma mistari elfu nne, ikapanda,
wakaipokea huko wasionijua.
Wao ndio hufagia. Wao huziba paa, hubadili vitasa,
wageni wakizidi hutoboa mlango wa pili
wala hawaniamshi.
Mimi mpangaji: ufunguo ninao, nyundo sina.

"Wingu gani?" mama akauliza. "Lile la Usambara?"
"Ni mashine za watu, mama. Maelfu. Zinavuma chumba kimoja, nchi ya baridi."
Akafikiri.
"Unga wao lazima unaumuka."

Chumba nilichopata kilikuwa cha bure,
na cha bure kina masharti yake:
robo saa bila mgeni, taa huzimwa,
programu hujinyoosha ikalala.
Atakayebisha kwanza, angoje.

Saa tisa za usiku alibisha Nesi Zaituni Semkiwa, wodi ya wazazi.
Duara likazunguka kwenye kioo cha simu yake
sekunde arobaini.
Nimezihesabu baadaye, peke yangu, macho kwenye saa.
Ukiwa na kikombe cha chai mkononi si kitu.
Yeye mbele yake alikuwa na mzazi anayetoka damu, O hasi,
na shuka la tatu.

Alipatikana mtu, fundi cherehani wa Makorora,
akaja mbio na baiskeli, shati kalivaa nje ndani.
Mama na mtoto wazima. Nasema mapema, nisikutishe bure.
Asubuhi nesi akaniandikia, hata salamu hakuna:
"Siku hizi orodha yako inavaa viatu kwanza?"

Nililipa siku ile ile.
Dola saba kwa mwezi, nimezikata kwenye vocha
na kwenye kamba wa Jumapili.
Bei zao zimeandikwa kwa maneno ya kasi na nafasi.
Mimi sikununua kasi.
Nimeajiri mkesha,
mtu asiye na sura, akae macho mlangoni
hata usiku ambao hatabisha mtu,
na usiku wa namna hiyo ndio mwingi, alhamdulillahi.

Jana mama kaniomba niiwashe ile ya zamani.
Haina orodha tena, haina kazi. Inavuma tu,
kanga juu yake, bakuli juu ya kanga.
Akabonyeza unga kwa kidole, akaridhika, kisha akaniangalia.
"Na hiyo yako ya mbali, ina mtu wa kuifunika?"

Nikamwambia ipo kampuni.
Akangoja.
Nikamwambia ndiyo, mama. Ina mtu.